Mgeni wa Shamba la Muhogo

Nilimbishia laoban, Mchina mwenye duka la makoti kwao Zhanqian, kwamba sufu yake ni feki. Akachomoa uzi, akauchoma kwa kiberiti cha gesi. Harufu ya nywele zinazoungua, harufu ya sufu halisi, ikanipanda puani, nikawa tena mtoto wa kufika kiunoni kwa mama.

Asubuhi ile wanaume walikuwa wakisaka nguruwe mwitu waliotumalizia muhogo. Madebe yalilia, mbwa wakabweka porini. Ghafla mama akapiga kelele kutoka shambani: "Mgeni! Mgeni huyo!"

Nguruwe kwetu hatajwi jina shambani, akilisikia atarudi. Hilo sikulijua. Nikachota maji kwa kata, nikatoka mbio kumpokea mgeni.

Alikuwa amesimama kati ya matuta, manyoya ya mgongoni yamemsimama, damu inamtoka begani. Akageuza kichwa, akanitazama. Nikafanya nilivyofunzwa.

"Karibu," nikasema.

Akaja. Mama alitupa jembe, akanirukia, akanilalia. Kishindo kilichonifikia kilipitia mwilini mwake.

Wanaume walipomuua nguruwe yule, walichoma manyoya yake mpakani mwa shamba ili wenzake waikimbie harufu. Ndani, mama alilala mguu umefungwa kanga, kanga imelowa, akicheka huku analia. "Hata maji umempelekea, mwanangu?"

Laoban akazima kiberiti. Alikuwa na neno moja tu la kwetu, alilolipata kwa wateja.

"Karibu," akasema, akanisogezea kikombe cha maji.