Kaburi la Mzee wa Nyansurura

Nilipohamishiwa Mugumu kufundisha uashi katika chuo cha ufundi, nilitokea Njombe na sikujua hata neno moja la Kikurya. Enzi hizo wanafunzi waliletwa kwetu kama watu walioshindikana. Mzazi aliingia ofisini, akamtazama mwanawe kwa pembeni, akasema, "Huyu shule imemkataa, mwalimu. Mfundisheni hata kupanga matofali." Kijana alikaa ameinamisha kichwa. Kabla ya kumshikisha mwiko, ilinibidi kwanza nimfanye ainue uso.

Siku hizi wengi wanakuja wenyewe. Wapo waliomaliza kidato cha sita, wapo hata wenye digrii waliochoka kungoja ajira. Mmoja wao alikuwa binti kutoka Nyansurura. Alikuwa amefaulu vizuri tu, lakini akataka uashi. Baba yake, mfugaji, alimfuata mpaka chuoni. Nilimpa shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Nimekusomesha uje kubeba zege?" alimuuliza bintiye mbele ya darasa zima.

"Nimesoma, tata. Ndiyo maana nimechagua mwenyewe," alijibu, akimwita baba kwa Kikurya.

Mzee aligeuka akaondoka. Tangu siku hiyo hakusema naye tena. Binti akienda likizo, baba alikaa nje na ng'ombe wake mpaka giza liingie, kisha akapita kwenda kulala. Mama ndiye aliyempigia simu na kumuuliza kama amekula.

Mwaka wa pili, tukiwa kwenye somo la kupiga plasta, mama alipiga simu tena. Mzee alikuwa amelazwa hospitali, hapo hapo Mugumu. Binti alikimbia akiwa na ovaroli mwilini. Alipofika, baba alikuwa ameshafariki.

Nilidhani angeomba ruhusa ya msiba tu. Kesho yake alikuja macho yamevimba, akaomba mwiko, pima maji na wenzake wawili wa kumsaidia.

"Nataka kumjengea kaburi mimi mwenyewe, mwalimu."

Nilikwenda nao Nyansurura. Tulikuta vijana wa ukoo wamemaliza kuchimba. Binti alipotaka kushuka, baba yake mdogo alisimama mbele yake.

"Kaburi si kazi ya mwanamke. Halafu kaka yangu hakuitaka kazi yako. Unataka kumshinda sasa hivi, akiwa hana mdomo wa kukukatalia?"

Binti alibaki ameshika mwiko. Baba mdogo alikuwa ameuliza swali la haki.

Mama aliinuka kutoka walikokaa wanawake, akasema kwa Kikurya, polepole. Jirani alinitafsiria: "Anasema, mume wangu alikasirika kwa sababu alimpenda huyu kuliko watoto wote. Mwacheni amfanyie baba yake kazi anayoijua."

Baba mdogo alitazama chini, kisha akasogea pembeni.

Binti alishuka akaanza kupanga matofali. Machozi yalipozidi alisimama, akajifuta kwa kiwiko, akapima tena mstari aliokwisha kuupima. Hakuna aliyemharakisha. Mchana ule ule tukamzika mzee.

Tukiwa njiani kurudi aliniuliza, "Mwalimu, mama alisema kweli, au alitaka tu niruhusiwe?"

Nilimwambia sikumfahamu baba yake vya kutosha, ila mama aliishi naye miaka yote.

Alimaliza chuo, na sasa ana mafundi wake Morotonga, wanajenga nyumba za watu. Baba mdogo hajawahi kumwita kwake kwa kazi. Lakini mwaka jana alikuja ofisini kwangu na binti yake wa mwisho, aliyetaka kusomea umeme. Hakutaja msiba, nami sikuutaja. Aliuliza tu kama bweni la wasichana lina uzio.