Moelagi Afanywa Mlango wa Moyo

Moelagi wa kijijini kwetu, kisiwani Savaii, hakuwahi kumkatalia mtu kitu tangu azaliwe. Nesi Ruta alipomwambia mlango mmoja wa moyo wake hauzibi, Jumatatu apande ndege akapasuliwe ng'ambo, Auckland, la sivyo hatamaliza mwaka, alisema ndiyo. Kaka yake alipomtaka Jumatatu hiyohiyo awapikie wageni wake, akasema ndiyo vilevile. Hebu niambie, mtu wa hivyo utamfanya nini!

Nesi akaona heri amwonyeshe ugonjwa wake kwa macho. Jumamosi akakusanya kijiji kizima kwenye nyumba ya mikutano kuigiza moyo. Nyumba zetu hazina kuta, kwa hiyo wanakwaya wakawa kuta: chumba cha juu, chumba cha chini, na Moelagi katikati, mlango. Damu ilikuwa Chifu Leaupo, maana nani angethubutu kumtangulia?

Ngoma ikalia. Chumba cha juu kikajibana, Chifu akasukumwa cha chini. Ngoma ya pili, cha juu kikalegea, cha chini kikajibana ili kumtoa nje aende mwilini, yaani uwanjani. Chifu akaliona jua, akageuka.

"Moelagi, nipishe nirudi kivulini."

"Karibu, Mheshimiwa."

"Ndio ugonjwa wako huo, mama!" Nesi akamaka. "Cha chini kikijibana, funga! Kikilegea, fungua!"

Wakarudia mara tano, na mara tano Chifu akakaribishwa. Ya sita, Moelagi akatanua mikono.

"Hupiti."

Chifu akatoka macho yamemtoka pima, akauzunguka uwanja mzima, akarejea chumba cha juu kwa nyuma, upande wa mapafu, akihema.

Kaka mtu akachomoza kichwa. "Lakini Jumatatu utapika, dada?"

"Sipiki."

Nesi akaruka kwa furaha. "Basi ndege utapanda!"

"Sipandi."

"Utakufa, mama!"

"Najua, mwanangu, na naogopa mno. Lakini miaka hamsini na mbili nasema ndiyo kabla mtu hajamaliza kuuliza. Sijabembelezwa hata siku moja. Nibembelezeni."

Chifu Leaupo akaagiza mkeka mwororo, akaketi juani mbele yake, akajifunika nao kichwa, vile waombavyo radhi watu waliomwaga damu. Kijiji kizima kikaketi nyuma yake.

"Twakuomba, Moelagi. Nenda."

Moelagi akawatazama, machozi yakamtoka.

"Haya, nitapanda," akasema. "Ila msiinuke bado."