Nilivyofundishwa Kulia

Nilikuwa na miaka sita hivi ilipogundulika kwamba sijui kulia msibani. Kulia kwa njaa nilijua, kulia kwa kuchapwa nilijua, na kwa kunyimwa ukoko wa wali nilijua sana. Msibani ndiko nilikoshindwa.

Alikuwa amefariki mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapo Temeke, mtu aliyekuwa akisuka makuti na kutufukuza watoto. Mama alikwenda nami. Uani wanawake walijaa, kanga vichwani, vilio vinapokezana. Watoto wenzangu nao walilia, hata wale ambao juzi yake tu walikuwa wamerushiwa jiwe na marehemu. Mimi nilikaa kwenye mkeka nikawatazama mmoja mmoja. Nilivutiwa kwa kweli. Kisha nikamuuliza mama, kwa sauti iliyofika mbali, wali utaiva saa ngapi.

Mwalimu wetu wa chuo cha Kurani alikuwa akiwakumbusha wanawake mara kwa mara kwamba kupiga mayowe juu ya maiti ni haramu. Waliitikia, "Ndiyo, mwalimu," na msiba ukitokea walipiga mayowe. Mtaani kwetu asiyelia alikuwa na sababu moja tu: kifo hakikumshangaza. Na kama hakikumshangaza, basi alikuwa na habari zake mapema. Hakuna aliyetamka neno uchawi mbele ya mama. Walisema tu kwamba mtoto ana macho makavu. Baada ya wiki mbili, jirani aliyekuwa akiniachia mwanawe mchanga nimbebe akasema mtoto siku hizi amezidi uzito.

Mama alielewa. Alikuwa na binti mmoja tu, na aliona wazi maisha yangu yatakavyokuwa: hakuna atakayepiga hodi kwangu, hakuna posa itakayokuja, na mtoto wa mtu akipata homa nitaulizwa mimi. Akamtuma mtu Mbagala amwite shangazi, dada yake baba.

Shangazi alikuwa fundi wa kulia. Simtanii, watu walimfuata mpaka kwake. Msiba aliokosa kuhudhuria ulisemwa kuwa ulipoa. Alikuja kwa miguu, akanywa uji, akanitazama usoni kama anayechagua samaki, akamwambia mama, "Huyu hana ubaya wowote. Hajafundishwa tu."

Maiti wangu wa kwanza alikuwa gunia la makopa. Shangazi aliilaza ile mihogo mikavu nyuma ya jiko, akalifunika gunia kanga, akaniambia nianze. Mambo yalikuwa na taratibu zake. Usilie njiani, utafika umechoka. Anzia kwenye kona ya ua, watu wakishakuona. Marehemu usimtaje jina, mwite kwa jinsi alivyokuhusu: babu, mama mdogo, jirani yangu. Taja kitu alichokuwa akikufanyia, halafu uliza nani atakufanyia sasa. Kanga ivute usoni, machozi yakichelewa asijue mtu. Na usitazame kabisa upande wa masufuria.

"Haya, huyu alikuwa akikupa nini?" akauliza, akilionyesha gunia.

"Makopa."

"Basi lia, mwanangu. Nani atakupa makopa?"

Kwa siku nne gunia lile lilipata kilio chake. Siku ya tano tulilitwanga tukala ugali. Bibi yangu mzaa mama, aliyekuwa akiishi nasi, alipita na ndoo ya maji nikiwa katikati ya mayowe, akacheka hadi akaitua ndoo na kukaa chini. Huyu bibi nilimpenda kuliko mtu yeyote. Alinisuka kila Ijumaa, na huku akinisuka alinisimulia mambo ya kwao Chanika, mengi ya uongo. Katika mafunzo yangu hakutia neno.

Nilipofika miaka kumi nilikuwa nasifiwa. Wanawake waliniita nikae mbele. Yule jirani akanirudishia mwanawe nimbebe, ingawa mtoto mwenyewe alikuwa ameshakuwa mkubwa na hakutaka kubebwa.

Ndipo akafariki Mfalme wa Uingereza.

Shuleni tulipangwa mistari mbele ya bendera iliyoshushwa nusu. Mwalimu mkuu, Mkristo kutoka bara, mwenye kaptula iliyonyooshwa kwa pasi hadi ikawa ngumu, alitutangazia kwa sauti ya chini kwamba Mfalme wetu ameaga dunia. Kando yake alisimama Bwana Elimu, Mzungu wa serikali aliyesimamia shule, kofia mkononi. Kisha kukawa kimya.

Nilingoja mtu aanze. Hakuanza mtu. Niliona aibu kwa niaba ya shule nzima: msiba mkubwa namna ile, mfiwa kaja mwenyewe, na hapati hata kilio kimoja. Sikuwa na kanga, nikajifunika uso kwa viganja.

"Uwii, babu yangu wee! Babu tuliyekuwa tukikuona ukutani kila asubuhi! Nani atatuletea chaki!"

Wasichana wa Temeke walikuwa na adabu zao. Mwenzao akilia hawamwachi peke yake. Likalia darasa langu, likafuata la pili, na msichana mmoja wa mbele akajitupa chini kama inavyotakiwa. Bwana Elimu alimuuliza mwalimu mkuu jambo kwa Kiingereza, akajibiwa kwa maneno mawili, akavaa kofia yake, akaivua tena. Alipokwisha kuondoka nilichapwa viboko vinne vya viganjani.

"Mfalme haliliwi hovyo," alisema mwalimu. "Mfalme anasimamiwa kimya."

Nikamuuliza, sasa tukinyamaza watajuaje kwamba tuna huzuni? Akaongeza cha tano.

Bibi alinikanda viganja kwa maji ya moto yenye chumvi. Nilimweleza yote. Akaniuliza, "Na huyo Mfalme, ulimwonea huzuni?"

"Sijui, bibi."

"Na yule mzee wa makuti?"

"Sijui."

"Haya," akasema, akaendelea kunikanda.

Mwaka uliofuata bibi alifariki. Ilikuwa asubuhi, amekaa kwenye kigoda anapepeta mchele, na mimi ndiye niliyekuwa naye. Ungo ulimtoka magotini, mchele ukamwagika, nami nikainama kuuokota kabla sijamtazama usoni. Nilipomtazama, kitu kizito kikanikaa kifuani, kikatulia pale bila sauti yoyote. Sikutaka kulia. Nilitaka nikae naye, nimshike mkono, na watu wote duniani wanyamaze kidogo. Nikajua kwamba hii sasa ndiyo huzuni, yangu mimi, ndivyo ilivyo, na kwamba sijawahi kukutana nayo kabla ya hapo.

Kabla ya adhuhuri ua ulijaa. Nilikuwa nimekaa karibu na mlango wa chumba alimolazwa, kimya, na macho ya wanawake yalianza kunijia, moja moja, kama zamani. Mama alikuwa ameshikwa na watu wawili. Alikuwa amefiwa na mama yake mzazi, na katikati ya kilio hicho aliinua uso akanitazama. Hata siku ile alikuwa na hofu kwa ajili yangu.

Nikainuka. Nikatoka nje, nikazunguka hadi kwenye kona ya ua, nikavuta kanga, nikaanzia pale.

"Bibi yangu wee! Nani atanisuka Ijumaa!"

Lilikuwa swali la kweli, kwa hiyo lilifanya kazi vizuri sana. Uani walilipuka wote. Shangazi mwenyewe alinyamaza ili anisikilize. Nikasikia mmoja akimwambia mwenzake, "Leo kalia mtu." Na kile kitu kizito kilikuwa kikinitoka kifuani, kikienda pamoja na ile sauti, hata nilipomaliza hakikuwapo tena. Nimekitafuta sana baadaye, sijakipata.

Mama alijichopoa kwa waliomshika, akaja, akanikumbatia mbele ya watu wote, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio, kisha ukatulia.

Mimi sasa ni mtu mzima sana. Nimekaa matanga mengi, nimewafundisha wanangu, na hakuna aliyewahi kunishuku kwa lolote. Lakini siku aliyozikwa bibi yangu mimi nilikuwa na furaha, kwa kuwa nililia vizuri na mama aliona. Bibi mwenyewe bado sijamlilia.