Mke Wangu na Rafiki Yangu Walininyofolea Vipindi vya Filamu

Jina la msomaji huyu tunalo sisi na halitatoka kwetu. Maneno ni yake mwenyewe.

Nina miaka hamsini na mbili, nashona makochi hapa Kamembe, Rusizi, nina mke na watoto ambao wameshaondoka nyumbani. Niiteni Papa Nuru. Nimesoma vitabu vingi kuliko anavyohitaji mshona makochi, na sijawahi kukimbia ubishi. Baadhi yenu tumewahi kuparurana kwenye ukurasa huu huu, siku mtu alipouliza kama ni vibaya kuruka vipindi dhaifu katika zile filamu za mfululizo za anga za mbali. Nilisema, na leo narudia: anayeruka vipindi ni mvivu anayetaka kulia msibani kwa mtu asiyemjua. Chombo kikilipuka, kila mtu anakodoa macho. Lakini kile kipindi ambacho hakuna kinacholipuka, watu wamekwama angani wanagombana nani aoshe sufuria, ndicho kinachokufanya ujali chombo kikija kulipuka. Vingine vinachosha, nakubali. Vumilia. Ndugu zako nao wanachosha na hujawafuta.

Sasa sikilizeni nilichofanyiwa mimi, mwenye msimamo huo.

Kila jioni baada ya magharibi, mimi na mke wangu hukaa sebuleni tukatazama kipindi kimoja. Safari hii ilikuwa filamu ya watu wanaosafirisha maji kwa chombo kutoka sayari moja hadi nyingine. Flash hujazwa na Salumu, rafiki yangu tangu madrasa, mwenye kibanda cha filamu karibu na soko. Nilimwambia mapema, "Weka yote, usinichagulie." Akajibu, "Yote, mzee. Mi si nakujua?"

Tukatazama. Nikaona hadithi inarukaruka. Leo mpishi wa chombo yupo, kesho hayupo na hakuna anayemtaja. Nikadhani amewatoroka wenzake. Nilisimama kibandani kwa Salumu mbele ya wateja, nikamponda mwandishi wa filamu hiyo mpaka sauti ikakauka, na mpishi nikamwita msaliti. Salumu alikuwa anatikisa kichwa kukubaliana nami.

Juma lililopita shemeji yangu, mdogo wa mke wangu aliyeolewa Bukavu, alivuka mpaka kuja kutusalimia. Tulikuwa tunakula ugali na sambaza, vile visamaki vya Ziwa Kivu. Akaanza habari za filamu.

"Shemeji, ile siku mupishi anapika supu ya mwisho, anakufa, tulilia bote hapa. Hata Maman Nuru alikosa kusema."

Nikarudisha tonge kwenye sahani. "Hapa wapi?"

"Hapa! Mi nilikuwa mu kiti yako."

Mke wangu alimtazama mdogo wake kama mtu aliyemwaga mafuta ya moto.

"Maman Nuru," nikasema, "supu gani?"

"Papa Nuru, kula kwanza."

"Supu gani?"

Akanawa mikono, akanitazama usoni, akaniambia bila kutetemeka. Ni yeye aliyemwomba Salumu atoe vipindi vya polepole kwenye flash yangu na kubadilisha namba za vilivyobaki nisigundue. Vile vilivyotolewa aliwekewa kwenye flash yake. Alivitazama mchana, nikiwa karakana, na mdogo wake, na majirani, na chai.

"Bile bya pole pole weye hauangaliake," alisema. "Unasimamishaka filme, unasimama mbele ya televizyo, unaanza kufundisha. Mara mwandishi amekosea, mara hiyo fikra ameiba mu kitabu fulani. Mutu anakufa mu filme, weye unafundisha! Vita ikianza njo unanyamazaka. Basi nikakuachia vita."

Shemeji alicheka mpaka akapaliwa na ugali. Mimi sikucheka.

Nilikwenda kwa Salumu asubuhi. Nilitaka akane walau kidogo. Hakukana.

"Mzee, Maman aliniomba. Nikamuhurumia."

"Umuhurumie kwa lipi?"

"Nimeshaangalia mpira na weye."

Wateja wakacheka. Wale wale walionisikia nikimtukana mpishi, ambao wao Salumu aliwajazia vipindi vyote. Kumbe kila nilipofungua mdomo walijua kuwa sijui.

Mnaweza kusema ni filamu tu. Semeni. Lakini mke wangu hakuwahi kuniambia, "Mume wangu, unaniudhi." Aliona ni rahisi zaidi kunipikia hadithi yenye mashimo, akakaa kando yangu kila jioni akinitazama nikiyakanyaga. Na hata si kwamba vilikuwa vipindi dhaifu. Ndivyo alivyovipenda kuliko vyote! Dhaifu nilikuwa mimi niliyetakiwa kurukwa. Na kuna kitu kinaniuma kuliko uongo wenyewe: mke wangu analia kwenye filamu. Sikujua. Miaka yote hii, hulia mchana, nisipokuwepo.

Salumu sizungumzi naye. Hilo sihitaji ushauri.

Ila juzi Maman Nuru aliweka flash mpya mezani. Ni msimu wa mwisho. Akasema, "Iko yote, hakuna yenye nilitoa. Tutaangalia pamoja. Lakini remote itakaa kwangu, na kinywa utafunga mpaka mwisho. Kama haiwezekane uniambie tu, mi nitaendelea na mchana."

Sijamjibu. Televisheni haijawashwa tangu siku hiyo. Tunaswali, tunakula, kila mtu na simu yake. Nikikubali, nitakuwa nimekiri kwamba maneno yangu, kitu pekee ninachojivunia baada ya sindano yangu, ni kero ndani ya nyumba yangu mwenyewe. Nikikataa, atarudi mchana kwa wenzake, na mimi nitabaki mume anayeishi na mwanamke asiyemfahamu.

Wa kucheka na acheke, nimezoea. Lakini wenye ndoa za muda mrefu, nawaomba mnijibu kwa uzito. Mtu wa umri wangu anaanzaje kunyamaza? Nishaurini, nifanye nini?