Nenosiri Langu Ukutani

Nianze na aibu yenyewe, nisiwaweke roho juu: katika ukumbi mmoja wa Bonga, mbele ya wakwe wote, niliandika ukutani kwamba mchumba wa dada yangu ni mwizi, tena kwa herufi zilizosomeka mpaka kwa wapishi nje.

Chanzo kilikuwa uamuzi mdogo. Nilikuwa nimerudi nyumbani Nakwa baada ya shahada ya uzamili, na kompyuta iliyochoka (nami nilikuwa nimechoka), nikaazimia kuiwekea mfumo endeshi wa Linux, niitumie kwa kazi za kila siku na, kusema kweli, kwa kucheza gemu la mpira na shemeji Petro, huyo mchumba wa dada, ambaye hunifunga kwa hila moja: nikikaribia goli lake anasimamisha gemu, anakunywa maji, kisha anaendelea nikiwa nimepoteza mwelekeo. Nilipotakiwa kuchagua nenosiri, kwa hasira nikaandika "shemejimwizi". Gemu likaenda kwa wepesi kuliko zamani, nikavimba kichwa, nikajitolea kupiga muziki kwenye sendofu ya dada Agnes, yaani sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, kwa mashine hiyohiyo.

"Una uhakika?" dada aliuliza. "Mimi nataka wimbo wangu wa kuingilia tu. Mengine fanyeni mnavyotaka."

Nilimpa maelezo marefu ambayo maana yake ilikuwa ndiyo.

Siku ilipofika, Agnes akiwa mlangoni na wapambe wake, nilibofya, wimbo ukalia ndani ya kompyuta kama mbu aliyenaswa kwenye chandarua, spika za ukumbi kimya. Mtu mwenye akili tulivu angefungua mipangilio ya sauti. Mimi nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, projekta iliyounganishwa na kompyuta ikalitandaza ukutani, nikatoa amri ya kuwasha spika, likadai nenosiri, nikaandika, na hakuna herufi iliyoonekana (Linux huficha nenosiri hapo bila hata nukta, nilikuwa nimelisoma hilo, lakini kwa haraka ile sikulikumbuka). Nikaamini kibodi imekufa. Nikarudia, nikakosea, nikarudia tena, hadi mashine ikaacha kuuliza na kurudi kwenye mstari wa amri, ambako kila herufi huonekana, nami bila kutambua hilo nikaandika upya, taratibu, nikikandamiza kila herufi.

Safari hii likaonekana.

"Shemeji mwizi," mshereheshaji akasoma kwenye maikrofoni, kisha akaziba mdomo.

Baba yake Petro akasimama. "Kijana, mwanangu ameiba nini?"

"Shikamoo, baba," nikasema (tulikwisha salimiana mlangoni). "Magoli, baba. Ameiba magoli kwenye gemu."

Petro akacheka mpaka akashika meza. "Ni kweli, baba! Na sirudishi hata moja!"

Ukumbi ukalipuka. Shangazi akaokoa jahazi kwa kuanzisha wimbo, akina mama wakaitikia kwa makofi, Agnes akaanza kuingia, lakini uso wake niliuona ukisema kwamba ule haukuwa wimbo wake. Nikakataa kushindwa. Nikafunga lile dirisha, nikafungua mipangilio ya sauti, nikachagua spika za ukumbi, na wimbo ukaitikisa dari. Agnes akasimama katikati ya ukumbi, akasikiliza, akageuka, akarudi mlangoni na wapambe wake wote, akaingia upya.

Linux sijaiacha na sitaiacha. Ila sipeleki tena mashine ukumbini kabla ya kuijaribu kwa spika za ukumbi huohuo, na nenosiri langu la sasa lina heshima kiasi kwamba laweza kusomwa hata kanisani. Petro bado anakunywa maji.