Sanduku la Mke wa Hakimu

Jumapili ile jioni Fundi Waya alipigiwa simu saba ndani ya dakika moja. Wote walilia kilio kimoja: televisheni imekufa. Ya nane hakuipokea, maana hata televisheni yake ilikuwa imekufa, naye alishailaza kifudifudi kitandani na kufungua skrubu nne za mgongoni.

"Muziki umerudi," mkewe alisema. "Majina yanapita."

Majina yalikuwa yakipita juu ya shuka. Hapakuwa na hitilafu yoyote. Tamthilia ya Mke wa Hakimu, waliyoitazama miaka tisa pasipo kukosa, ilikuwa imekwisha namna hiyo: mke amesimama getini na sanduku, mkono kwenye komeo, mumewe anamwita kutoka ndani, kisha giza na kimya, dakika nzima. Fundi mwenye miaka ishirini na sita kazini alikuwa amempasua mgonjwa mzima wa afya.

Lingekuwa jambo la kucheka, lakini Fundi hakucheka. Miezi miwili nyuma, dada wa mkewe alikuwa amefungua karakana ya ushonaji katika mji mwingine, akamwita mdogo wake aje kusimamia mashine za kudarizi. Mke hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Acha kwanza tamthilia iishe." Sasa imekwisha, na Fundi hakuambulia jibu.

Jumatatu asubuhi aliiweka sehemu ile ya mwisho kwenye televisheni kubwa kuliko zote dukani, akapandisha mwanga hadi kikomo, akaanza kupekua giza. Jirani yake, muuza magodoro, aliingia akasimama nyuma yake.

"Unatafuta nini humo?"

"Kama ametoka."

"Ndugu yangu, hilo ni giza tu."

"Nimeongeza mwanga. Naona kijivu."

"Kijivu cha nani?"

"Bado sijajua."

Kufika adhuhuri duka lilikuwa limejaa wateja wasio na kitu cha kutengenezwa. Waliosema ametoka walitaja komeo. Waliosema amerudi ndani walisema hakuna mwanamke anayefua mapazia asubuhi akahama jioni. Muuza magodoro alisema amekufa, hakutoa ushahidi, akaketi. Fundi yeye alikuwa amesimamisha picha kwenye sanduku. Kwa jinsi lilivyoning'inia, halikuwa na kitu ndani, na jambo hilo lilimtia moyo.

Saa nane mkewe alileta bakuli la maharage.

"Tazama," Fundi alimwambia. "Sanduku tupu. Mtu anayehama habebi sanduku tupu."

Mkewe alitazama kwa muda. "Labda kila kilichokuwa kabatini kilikuwa cha hakimu."

Hilo Fundi hakuwa amelifikiria. Aliteremsha mwanga kidogo.

"Kwa hiyo ametoka."

"Mimi nitajuaje ya mke wa hakimu?" Aliweka bakuli mezani, kati ya nyaya. "Umeuliza mtaa mzima habari za yule mwanamke. Mpaka muuza magodoro umemuuliza."

"Ni mtazamaji mzuri."

"Mimi hujaniuliza ya kwangu."

Wateja wawili walianza kukagua dari. Muuza magodoro hakukagua kitu. Alisogeza kiti karibu. Fundi alijifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja baada ya kingine.

"Unataka kwenda, mama?"

"Nataka. Miezi sita kwanza, kisha nione. Zile mashine nazijua kuliko dada. Hapa nimekaa miaka nashona vifungo vya watu."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka uulize."

Fundi alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeonyeshwa waya uliokatika mahali ambapo hakupekua.

"Basi ni lini?"

"Alhamisi asubuhi. Kula, kinapoa. Kuanzia siku hiyo utajipikia."

Alikula akiwa amesimama. Katikati ya tonge aliuliza maharage huchemshwa muda gani. Mkewe akamweleza taratibu, kuanzia kuyaloweka, na muuza magodoro akaomba kalamu.