Vyeo vya Wajapani na Mrija wa Mzee

Majina yote ninayo kichwani: ya watoto niliozaa na niliozika, ya majirani wa Rugenge tangu tulipojenga, mpaka ya wale Wajapani wa ndani ya mchezo wa video wa mjukuu wangu. Hapa sitaandika hata moja. Watu wa kwetu watajijua wenyewe.

Nilisoma miaka mitatu tu kwa masista, na Kifaransa changu ni cha kusalimia. Mume wangu alipofariki, nikawa sitoki kwenda soko wala shamba mpaka matanga yaishe, mjukuu ndiye aliyekuwa ananisomea maandishi ya ule mchezo. Ni mtoto wa kifungua mimba wangu, marehemu. Nimemlea tangu anatambaa. Sasa ni mwanaume wa miaka ishirini na sita, anatengeneza simu kule Kimanga. Akirudi mchana kula, anaunga mashine yake kwenye televisheni, nami nakaa pale nachambua mchele, macho kwenye picha.

Ulikuwa mchezo wa kundi la majambazi wa Japani. Nilidhani nitaona ngumi tu, kumbe wale watu wana ukoo kutushinda sisi. Juu kabisa kuna baba. Hakuwazaa, lakini wote wanamwita baba. Chini yake kuna mtoto mkubwa, huyo ndiye makamu, ndiye atakayekalia kiti. Pembeni wako wadogo zake baba, nao wana mkubwa wao. Hao wanaheshimiwa na kukaa karibu, ila kiti si chao. Kuna mzee wa kushauri, kuna msimamizi wa nyumba kubwa, halafu kila mmoja wa wale watoto naye ni baba huko kwake, ana watoto wake, kushuka mpaka yule anayefungua mlango wa gari. Na mtu haingii ukoo mpaka anywe kikombe mbele ya baba.

Siku nne zilinitosha kuvishika vyeo vyote. Mjukuu akawa ananijaribu: anasimamisha picha, ananyooshea mtu kidole, namtajia cheo chake na nani yuko juu yake. Siku moja alicheka mpaka wali ukampalia.

"Koko," akaniambia mimi bibi yake, "weye ungekuwa makamu kabisa."

"Makamu ni shangazi yako," nikamjibu.

Alielewa. Mume wangu, siku mbili kabla ya kufa, aliwaita mdogo wake na huyu mjukuu, mimi nikiwa nimeshika kikombe cha maji. Akasema mrija wake atauchukua binti yetu wa mwisho. Binti huyo ndiye aliyemwosha miaka yote ya ugonjwa, ndiye anayelima mpunga wetu wa Luberizi, na hana mume wala pengine pa kwenda. Wote wawili waliitikia. Niliwasikia.

Kwetu sisi Warundi wa bondeni, mrija si kitu kidogo. Siku ya kumaliza matanga, chungu cha pombe ya mtama kinawekwa katikati, mrija wa marehemu unachomekwa humo, hakuna wa kuugusa. Wale wawili wa damu yake waliosikia neno la mwisho wanalisema mbele ya watu. Aliyetajwa anakalia kiti, ananyonya, basi: nyumba ni yake, shamba ni lake, mashauri ya ukoo ni yake. Na mjane siku hiyo hasemi mpaka chungu kikauke. Zamani nilimcheka mwenzangu mmoja aliyeivunja desturi hiyo.

Shemeji yangu, yule mdogo wa mume wangu, sikumtegemea. Alishasema mwanamke hashiki mrija. Lakini yeye alikuwa kinywa kimoja, nami nilikuwa na mjukuu. Wiki ile nilisikia shemeji amepita Kimanga mara mbili. Nikamuuliza mjukuu, akasema mzee alileta simu ya kutengeneza. Nikaridhika.

Siku yenyewe shemeji alisimama. Akasema kaka yake aliomba ukoo usiingie mikononi mwa wanawake, na kwamba alimtaja mjukuu. Halafu akamgeukia.

"Weye ulikuwa pale. Ni hivyo?"

Mjukuu aliangalia chungu.

"Ni hivyo, mzee."

Akashikwa mkono, akakalishwa, akanyonya. Binti yangu alikuwa amebeba sahani ya mgeni. Aliiweka mbele ya yule mgeni taratibu, akarudi jikoni. Mimi nilibaki na kinywa changu kimefungwa. Ningesema, wangeniita mjane aliyechanganyikiwa, na neno langu lisingehesabiwa. Hivyo ndivyo nilivyojiambia. Leo naona katika nyumba ile ni mimi peke yangu niliyeheshimu desturi.

Chungu kilipokauka nilimfuata nyuma ya nyumba. Nikamwambia sauti ya babu yake aliisikia kama nilivyoisikia mimi. Akasema shemeji alimtisha: akikataa, mzee atakalia kiti mwenyewe na shamba ataliuza, kwa hiyo afadhali akalie yeye mjukuu. Nikamwambia basi, kesho awaite watu wale wale ampe shangazi yake. Akajipangusa pombe mdomoni, akaanza kurudi kwa wageni. Hilo ndilo lililoniuma kuliko uongo.

"Kwa Wajapani wako," nikasema, "mdogo wa baba hapangi nani akae kitini. Weye ndiye ulinifundisha."

"Ule ni mchezo, koko."

Binti yangu hakufukuzwa. Aliambiwa tu aendelee kulima, na mavuno ayalete kwa mwenye shamba. Hakusubiri mavuno. Alikusanya sufuria zake, akaenda kupanga chumba huko huko Luberizi, analima mashamba ya watu.

Mwezi haukuisha, nami nikafunga mizigo yangu nimfuate binti yangu. Mjukuu alinisihi. Akasema watu watasema nini, nyumba ya ukoo bila koko. Alipoona sigeuki, akanibebea godoro mwenyewe mpaka barabarani, akalifunga juu ya gari vizuri, kama nilivyomlea. Akaniuliza nitarudi lini.

Nikampa mikono yote miwili na kuinamisha kichwa, kama tunavyomsalimia mkubwa wa ukoo. Alijaribu kuniinua, akaniambia niache, watu wanaangalia. Nilimaliza salamu yote, kisha nikapanda gari.